Nairobi ni wepesi? Kwanza turudishieni wachezaji wetu

Kuna kelele ambayo hupigwa kila mwaka muhula wa pili ukifika, na najua wewe unayesoma hapa umeipiga. Kama hukuipiga kwa base, uliipiga kwenye grupu la WhatsApp la wale mliomaliza nao shule. "Western ndio kusema." "Bonde la Ufa wako na pesa lakini hawana boli." "Nairobi ni wepesi, wakivuka Limuru tu wanaanza kuulizia mama."

Hiyo ya mwisho ndiyo ilinipata wiki jana hapa kwetu Donholm. Ilikuwa jioni, ule wakati Outering imeshikana na watu wameshuka matatu wanamalizia na miguu, nami nimesimama kwa mama wa smokie nikingoja kachumbari. Jamaa mmoja wa Savannah, mzaliwa wa Khayega na hachoki kutukumbusha, akasema ati mtu aliyelelewa Nairobi hana haki ya kuongea kuhusu soka ya shule za upili. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu kilitoka. Smokie ikapoa mkononi. Hoja zote zilikuja saa sita usiku nikiwa kitandani, kama kawaida yangu, kwa hivyo wacha nizimwage hapa.

Kwanza tukumbushane mambo yanavyoendeshwa, maana wengi wetu tunabishana gizani. Shule inaanzia chini kabisa, inapanda hadi kaunti, kisha kanda. Kanda ni nane, zile zile za mikoa ya zamani: Magharibi, Nyanza, Bonde la Ufa, Nairobi, Kati, Mashariki, Pwani na Kaskazini Mashariki. Katiba ya 2010 iliizika mikoa, lakini michezo ya shule haikupata hiyo habari ya tanzia. Kwa kawaida kila kanda inatoa bingwa wake, timu nane zinakutana, zinapangwa makundi mawili, na wanaotamba wanaenda michezo ya Afrika Mashariki kukutana na Waganda. Hao Waganda nitawafikia, usijali.

Sasa hesabu kidogo. Bonde la Ufa ni kaunti 14, kuanzia Turkana huko juu hadi Kajiado huku chini. Mashariki ni nane. Magharibi ni nne tu: Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia. Nairobi ni moja. Lakini mlango wa kwenda kitaifa ni sawa kwa wote, timu moja. Kwa idadi ya watu, sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu milioni 12.7 Bonde la Ufa, milioni 5 Magharibi, na milioni 4.4 hapa Nairobi. Ukiangalia hizo namba unaweza kusema bingwa wa Bonde la Ufa ndiye mwanaume kamili, kwa sababu amepanda mlima mrefu kuliko wote. Na unaweza pia kusema sisi Nairobi tunapendelewa, kwa sababu bingwa wa kaunti yetu tayari ni bingwa wa kanda. Hapo sibishani.

Ila hebu fikiria hiyo "kanda" yenyewe ni kitu gani. Shule ya Laiser Hill iko Ongata Rongai. Rongai! Pale ambapo watu wanapanda matatu asubuhi kuja kazi tao na kurudi usiku wakilia kuhusu jam. Lakini Rongai iko Kajiado, na Kajiado iko Bonde la Ufa, kwa hivyo Laiser Hill ikicheza inavaa jina la kanda moja na St Anthony's ya Kitale, ambayo ukitoka Rongai ni safari ya kutwa nzima. Na hiyo Kitale yenyewe iko karibu zaidi na Kakamega kuliko ilivyo karibu na Rongai. Ati sasa tunasema "soka ya Bonde la Ufa" kama vile kuna mtindo mmoja wa kupiga chenga unaoanzia Lodwar na kuishia Rongai.

Hii si shida yetu peke yetu. Nilipokuwa chuo, kabla karo haijanishinda na nikarudi mtaani, nilikaa chumba kimoja na msee ambaye mjomba wake yuko Texas. Huyo msee alikuwa anaamka usiku kutazama ile futiboli ya Marekani ya helmeti, ya vyuo vikuu. Kule vyuo vimepangwa kwa konferensi, na mashabiki wanatukanana vile vile sisi tunatukanana. Watu wa kusini wana SEC yao, wa katikati ya nchi wana Big Ten, na kila mmoja anaapa kwamba timu ya mwisho kwake ingekuwa bingwa kwa jirani. Timu za SEC zilichukua ubingwa misimu minne mfululizo, 2019 hadi 2022: LSU, Alabama, kisha Georgia mara mbili. Unaweza kuwaza kelele ilikuwa kiasi gani. Halafu Michigan wakachukua msimu wa 2023 na Ohio State ule wa 2024, wote wa Big Ten, kelele ikahama nyumba.

Kilichonichekesha ni kwamba hiyo Big Ten sasa ina timu 18, na nne kati ya hizo ziko pwani ya Pasifiki, ng'ambo kabisa ya nchi. Rongai na Kitale ni majirani ukilinganisha.

Lakini kuna kitu kimoja walifanya ambacho nilikikumbuka hiyo saa sita usiku. Kwa miaka kumi walikuwa wanachukua timu nne pekee kuwania ubingwa. Kuanzia msimu wa 2024 wakafungua mlango, zikawa 12. Mabingwa wa konferensi tano wana nafasi yao, halafu zilizobaki zinapewa timu nzuri hata kama hazikushinda kwao. Kwa maneno mengine, timu ya pili, hata ya tatu, ya mahali pagumu inaweza kupata siku yake. Hapo ndipo unajua konferensi gani ina nguvu. Bingwa anaweza kuwa bahati. Bingwa anaweza kuwa kizazi kimoja cha vijana watano walioletwa na kocha mmoja mjanja. Timu ya tatu haidanganyi.

Sasa kwa kipimo hicho, buda wa Khayega, njoo nikupe haki yako. Magharibi ndio wazito. Nimesema. Kakamega High, wale Green Commandos, na Musingu wote wako kaunti moja. Kaunti moja! Mwaka ambao mmoja ndiye bingwa wa kanda, mwingine anaweza kuwa timu ya pili kwa ubora nchini na anatazama kitaifa akiwa bwenini, akisimuliwa matokeo na mwalimu wa zamu. Hujafika Bungoma bado, hujagusa Vihiga. Ukichukua timu ya tatu ya Magharibi uipeleke Kati ama Kaskazini Mashariki, naamini inarudi na kombe na mbuzi juu.

Bonde la Ufa nawaweka wa pili, na hapa najua nitatukanwa na watu wa Kitale. Kilele chao kiko juu sana. St Anthony's, Solidarity Boys, ni jina ambalo kila mtu aliyewahi kufunga kamba za daluga shuleni analijua. Lakini toa St Anthony's, toa moja ama mbili hivi, halafu tembea kaunti 14 uniambie unaona nini. Unaona wakimbiaji, na hiyo ni sawa, dunia nzima inaona wakimbiaji. Nyanza ni wa tatu ama wa pili, inategemea mwaka. Kuna soka kila mahali, kuanzia Kisumu mjini hadi Barding kule Siaya, na hawategemei shule moja. Pwani wana miguu mizuri lakini inategemea Serani ama Shimba Hills wameamka vipi. Mashariki ukitaka kuniongelesha niongeleshe voliboli, niambie Kwanthanze, nitanyamaza. Kwa upande wa soka ya wasichana, Bonde la Ufa wana Wiyeta na Itigo, Magharibi wana Butere, na Nairobi tuko nyuma sana. Sina utetezi.

Na Nairobi ya wavulana? Tuko wapi?

Hapa ndipo nataka unisikize vizuri, kwa sababu orodha yote niliyoandika hapo juu ina kasoro, na hiyo kasoro ina uso wa mtu ninayemjua.

Binamu yangu alikuwa winga wa kushoto. Sikwambii alikuwa "mzuri" vile kila mtu ana binamu mzuri. Nakwambia watu wazima walikuwa wanatoka Umoja kwa miguu kuja kumtazama siku akicheza Camp Toyoyo pale Jericho. Huku Donholm viwanja vilikuwa vinageuka maghorofa mmoja baada ya mwingine, kwa hivyo mazoezi alifanyia kwenye ile sehemu ya magari kuegeshwa, kati ya nyumba, na ukuta ndio uliokuwa mwenzake wa kupigiana pasi. Alikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa hapa Eastlands. Mwaka huo walitolewa mapema katika mashindano ya Nairobi. Wiki mbili baadaye wageni wakaja nyumbani kwa shangazi, wamevaa suti, na mkate na sukari mkononi kama watu wanaoposa.

Walitoka shule moja ya mbali, jina naliweka kapuni. Walitaka kijana. Karo bure, sare bure, daluga, kila kitu. Sharti lilikuwa moja dogo tu: arudi kidato cha pili. Ati ili wapate miaka zaidi naye. Shangazi alikuwa anauza mboga, na karo ya muhula huo alikuwa anadaiwa bado. Wewe ungesema nini?

Akaenda. Mwaka uliofuata tukasikia amefika kitaifa. Tulisherehekea hapa kana kwamba ni Kombe la Dunia. Halafu siku moja nasoma orodha ya kikosi chao, naona majina. Huyu namjua, ni wa Kayole. Huyu ni wa Buruburu, tulicheza naye chandimu. Huyu ni wa Dandora. Watu wanne wa Eastlands kwenye kikosi cha kanda iliyo mamia ya kilomita kutoka hapa. Na jioni hiyo hiyo mtandaoni kuna mtu anaandika "Nairobi ni wepesi". Msee, Nairobi walikuwa uwanjani. Walikuwa wamevaa jezi ya mtu mwingine.

Msimu wa pili akaumia goti. Si kuumia kwa kunyunyiziwa maji na kurudi, goti lilikwenda upande. Akakaa bwenini muhula mmoja akichechemea. Muhula uliofuata ile "karo bure" ikaanza kuwa na maswali. Muhula wa tatu ikawa imeisha. Alirudi Donholm na mkoba, bila cheti, akiwa mzee wa miaka miwili kuliko wenzake wa darasa la zamani ambao tayari walikuwa wamemaliza. Leo ni mtu wa boda pale steji. Ukipanda naye atakuuliza kama umeona mechi ya jana, na atakupa maoni ambayo wachambuzi wa runinga hawawezi.

Sisemi kila shule inafanya hivyo. Kuna vijana walichukuliwa hivyo hivyo wakamaliza shule vizuri na wakapata chuo kupitia mpira, na mimi niliyeingia chuo kwa gredi na nikatoka kwa karo siwezi kuwacheka. Pia sisemi watoto wakatazwe kuhama. Mzazi wa Nairobi amekuwa akipeleka mtoto bweni mashambani tangu kitambo, mpira ama bila mpira. Hiyo pekee inapunguza uzito wa ile milioni 4.4 niliyokupa hapo juu.

Ninachosema ni kwamba tumetengeneza mfumo ambapo nafasi ni moja tu kwa kila kanda, na hiyo nafasi moja ndiyo inazaa biashara hii. Jiweke kwa viatu vya mwalimu wa michezo wa shule ya pili pale Kakamega. Ana timu nzuri. Anajua asipomshinda yule mmoja, hakuna kitaifa, hakuna wasaka vipaji, hakuna mwalimu mkuu kupigiwa simu na mheshimiwa. Kuwa wa pili ni sawa na kuwa wa hamsini. Atafanya nini? Atapanda basi la usiku aje Eastlands na mkate na sukari. Na yule wa kwanza akisikia, naye anapanda.

Kwa upande huu wetu mambo ni mabaya kinyume. Kijana wa Nairobi akitolewa na Highway, ama Dagoretti, ama Upper Hill, msimu umekufa. Hakuna mtu atakayemwona mwezi wa saba. Kwa hivyo akija mgeni mwenye suti, anaondoka. Halafu shule aliyoiacha inakuwa dhaifu zaidi, na mwaka unaofuata wanaondoka wawili.

Na usiniambie shule za hapa haziwezi. McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama walisoma Kamukunji High, hapo tu, ukivuka Jogoo Road unaelekea Gikomba. Mmoja alikuwa kwenye kikosi cha Inter kilichobeba Ligi ya Mabingwa Ulaya 2010, mwingine akacheza Celtic, Southampton na Tottenham. Michael Olunga alipitia Upper Hill. Hao ni watoto wa mitaa hii na shule za mji huu.

Sasa mimi nina pendekezo, na si la kwangu, nimeliiba CAF. Shirikisho la Afrika linaangalia matokeo ya klabu za kila nchi kwa miaka mitano. Nchi 12 za juu zinapata timu mbili kwenye Ligi ya Mabingwa na mbili kwenye Kombe la Shirikisho. Nyingine zote zinapata moja moja. Ndiyo maana Tanzania wanapeleka timu nne na sisi mbili. Hawakupewa kwa sura. Simba na Yanga wamekuwa wakifika mbali, Yanga wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, Simba wakaicheza 2025. Ubora wa Simba ukafungulia mlango timu ambayo si Simba.

Tufanye hivyo hivyo. Kila kanda ibaki na nafasi yake moja, kwa sababu mtoto wa Mandera naye ana haki ya kupanda basi kwenda kitaifa hata kama atafungwa tano. Halafu ongeza nne ziwe 12, na hizo nne zigawiwe kulingana na kanda zilivyofanya miaka mitano iliyopita. Magharibi watapata ya ziada karibu kila mwaka, wacha wapate. Hapo yule jamaa wa Khayega atathibitisha maneno yake uwanjani. Na kama Nairobi haitapata ya pili, basi tutanyamaza na tutaenda kufanya mazoezi.

Najua utauliza pesa ni za nani. Swali zuri, timu nne zaidi ni mabasi manne, vyakula, malazi ya watoto kama 80. Wazazi tayari wanalia. Lakini pesa za kubeba winga kutoka Donholm, kumlisha na kumvisha miaka miwili zinapatikana kila mwaka, na hakuna anayeuliza. Na sambamba na hizo nafasi niongeze sharti moja: shule ikimchukua mtoto kwa sababu ya mpira, iandike mkataba na mzazi kwamba atasoma hadi mtihani wa mwisho, goti likiwepo ama lisipokuwepo.

Nilisema nitawafikia Waganda. Shule zao zimetusumbua wavulana wetu Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na St Mary's Kitende ndiyo mfano ambao kila mtu anautaja. Wao pia wanakusanya vipaji kutoka pembe zote, sitadanganya. Tofauti ni kwamba aliyeijenga Kitende ndiye mwenye klabu ya Vipers, na uwanja wa klabu uko hapo hapo Kitende. Kijana akimaliza shule anaona mlango mwingine kwa macho yake. Wetu akimaliza anaona steji ya boda.

Binamu yangu nilimsomea sehemu hii jana kabla ya kuituma, kwa sababu ni maisha yake na ilikuwa lazima aseme sawa. Alisikiza hadi mwisho, helmeti mkononi. Akaniambia nimekosea kitu kimoja: Eastlands hawakuwa wanne kwenye kile kikosi. Walikuwa sita, wawili walikuwa benchi. Halafu akaniuliza yule msee wa Khayega hukaa kwa smokie saa ngapi, akawasha pikipiki akapeleka mteja Greenfields.